Saa janja: kazi inazokufanyia na kazi inazokuletea

Saa yenyewe sikuinunua. Mdogo wangu alikuwa amechukua toleo jipya, lile la zamani likabaki kwenye droo likiwa bado zima, akanipa. Nilimwambia simu yangu inaonyesha saa, inapiga kengele, inapokea ujumbe. Sasa hii nyingine ya nini? Akanijibu, "Kaka, vaa kwanza, lawama baadaye." Nikavaa. Nimeivaa muda wa kutosha kuona betri yake ikizeeka, na haya ninayaandika kwa ajili ya mtu ambaye ameshaitamani saa ya namna hii, pesa hajatoa bado, na moyoni ana kasauti kanakomwambia huenda ni kitu cha msimu tu.

Kasauti hako kana haki ya kusikilizwa. Mwaka 2010 televisheni za 3D, zile za kutazamwa kwa miwani maalumu, zilitangazwa kana kwamba kila sebule ingekuwa nayo. Kufikia 2017 LG na Sony, waliokuwa bado wanaziunda, nao waliachana nazo. Google Glass, miwani yenye kompyuta ndogo ndani yake, mwaka 2013 iliuzwa dola 1,500 kwa waliotaka kuwa wa kwanza, na Januari 2015 mauzo hayo yakasimamishwa. Kipya kinyemi, na watengenezaji wanalijua hilo kuliko sisi. Lakini kutilia shaka kila kitu nako hakusaidii. Kamera ya simu ilichekwa sana ilipoanza, na picha zake zilikuwa za ukungu kweli, ila leo watu wangapi bado wanabeba kamera ya pembeni?

Kwa hiyo kusema "ni mtindo tu utapita" hakutoshi. Baada ya kuishi na hii saa, swali ninalojiuliza kwa kifaa chochote ni hili: je, kinachukua kazi ambayo tayari nilikuwa naifanya, au kinaniletea kazi mpya kisha kinajisifu kwa kunisaidia kuifanya?

Siku za mwanzo huwezi hata kuuliza swali hilo, maana unafurahi. Nilikuwa nageuza mkono kila wakati kutazama mapigo ya moyo. Nikipanda ngazi natazama, nikikaa natazama, nikikasirika natazama kama hasira imeonekana. Na kulikuwa na lengo la hatua 10,000 kwa siku, lenye duara linalojaa rangi kadiri unavyotembea. Nimewahi kuzunguka meza ya sebuleni usiku, watu wamelala, ili tu duara lifunge. Saa ikatetemeka kunipongeza, nami nikajisikia nimefanya jambo.

Baadaye nikatafuta hiyo 10,000 ilitoka wapi. Haikutoka kwa madaktari. Inarudi nyuma hadi Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kilipouzwa kipima hatua ambacho jina lake lilibeba namba hiyo. Ilikuwa namba ya biashara, nzuri na rahisi kukumbuka. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wazee ulikuta kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wale wa 2,700, na faida ikaendelea kupanda hadi kwenye 7,500 hivi, kisha ikatulia. Kutembea ni kuzuri, hilo halina ubishi. Ila kuzunguka meza usiku kwa ajili ya namba ya tangazo la biashara ni kazi niliyoletewa.

Na hizo hatua zenyewe zinahesabiwa kwa mkono, si kwa mguu. Hili nililiona vizuri siku niliposaidia kuhamisha mchanga kwa toroli. Nimesukuma toroli lililojaa, mara nyingi, jasho linatiririka hadi kwenye mkanda wa saa, mikono yangu yote miwili imeshika vishikio na haitikisiki. Nilipotazama, saa ilikuwa imehesabu hatua chache za aibu, tena ikaniambia nimekaa muda mrefu, niinuke ninyooshe miguu. Jioni hiyohiyo nikafua shati kwa mikono nikiwa nimeketi, hatua zikapanda.

Kwa mapigo ya moyo inajitahidi zaidi. Nyuma ya saa kuna taa ya kijani inayomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila pigo linapopitisha damu nyingi mwanga unaorudi hupungua, na kihisi kinahesabu hayo mabadiliko. Ukiwa umetulia na mkanda umekaza vizuri, namba ni ya kuaminika kiasi. Mkanda ukilegea, au ukiwa na mchoro wa wino kwenye ngozi, au mkono ukitikisika sana, inaanza kubahatisha. Kalori ndiyo usizitegemee kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 walipima vifaa saba vya mkononi: sita vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5, lakini kwa kalori kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Mtu anayekula zaidi kwa sababu saa imemwambia amechoma kalori nyingi anapangiwa mlo na kitu kisichojua. Upo pia utafiti wa Marekani uliotolewa 2016, wa miaka miwili, wa watu waliotaka kupungua uzito: waliopewa kifaa cha kuvaa walipungua kilo 3.5 kwa wastani, na wenzao wasiopewa wakapungua 5.9. Vifaa vya wakati ule si vya leo, ila tangu niusome, kila tangazo lenye mtu mwembamba anayekimbia ufukweni nalitazama kwa jicho la pembeni.

Lililoniumiza kuliko yote ni usingizi. Saa ilikuwa inanipa alama za usingizi kila asubuhi, kama mtihani. Kuna asubuhi niliamka mwepisi kabisa, nikaona alama mbaya, na kabla sijafika mlangoni nikaanza kuhisi uchovu. Nikaanza kulala mapema kwa hofu, nikawa nalala macho yamefunguka nikiwaza kwamba kulala macho kutashusha alama. Watafiti wa Marekani walishawaandika watu wa namna hii mwaka 2017, wagonjwa waliokuja kwa daktari na takwimu za saa zao wakihangaikia usingizi kamili, na hali hiyo wakaiita othosomnia. Saa haioni ubongo. Katika maabara ya usingizi wanabandika nyaya kichwani na kupima mawimbi ya ubongo. Saa inakisia kutokana na mtikisiko na mapigo. Nikiwa nimejilaza nasoma kitabu bila kujigeuza, iliandika kwamba nimelala. Nilichofanya kwanza ni kujikataza kufungua hiyo programu kabla ya mchana, nikajipima mwenyewe kwa jinsi ninavyojisikia. Ndani ya muda mfupi nikagundua sina haja ya kuifungua hata huo mchana. Kama unalala vibaya kweli, unakoroma hadi pumzi inakata, au unasinzia ukiendesha gari, nenda hospitali. Alama za saa hazitakuambia sababu.

Arifa zilinitia aibu. Mzee mmoja ninayemheshimu alikuwa ananieleza jambo la kifamilia, zito, na saa ikawa inatetemeka mfululizo kwa ujumbe wa kundi fulani. Kila ikitetemeka jicho langu linashuka mkononi, nusu sekunde tu. Mzee akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, "Naona una haraka, mwanangu, tutaongea siku nyingine." Nilijitetea kwamba hapana, ni saa tu, lakini kutazama saa mtu akiongea kulikuwa na maana yake kabla hata simu hazijaja, na maana hiyo haijafutika kwa sababu saa imekuwa janja. Usiku ule nilizima arifa zote. Nikarudisha simu za watu wa nyumbani na kikumbusho cha kalenda, basi. Ukiivaa leo, anza na hapo: zima kila kitu siku ya kwanza, halafu rudisha kimoja kimoja unapokikosa. Vinavyorudi ni vichache ajabu.

Sasa gharama. Bure yangu haikuwa bure. Chaja ya saa hizi mara nyingi ni ya sumaku, ya aina yake, haiingiliani na ya simu wala ya saa nyingine. Niliisahau safarini na kuanzia siku iliyofuata nilikuwa nimevaa bangili nyeusi. Nikanunua ya mbadala ya bei ndogo. Ikawa inapata moto na wakati mwingine inagoma kuchaji hadi uigeuze. Nikanunua tena, safari hii halisi. Mkanda nao ulipasuka, na tundu zake ni za umbo la kampuni husika, mkanda wa kawaida hauingii. Halafu ripoti ya usingizi ya muda mrefu, ambayo mwanzoni ilikuwa wazi, baada ya sasisho moja la programu ikahamia upande wa kulipia kila mwezi. Sikulipia, lakini nilikasirika, maana takwimu zile zilikuwa za mwili wangu.

Betri ndiyo inayoamua mwisho wa kila kitu. Betri za lithiamu huchoka kadiri zinavyochajiwa na kutumika, na betri ya saa ni ndogo, kwa hiyo inazunguka hiyo njia kila siku au kila baada ya siku chache. Mwanzoni yangu ilikuwa inafika usiku bila wasiwasi. Mwishoni ilikuwa inazima alasiri. Nilimpelekea fundi. Akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha pembeni ya kioo, akaniambia imegundishwa kwa gundi, ataifungua kwa joto, na kioo kinaweza kupasuka. "Na nikiifungua, maji usahau," akasema. Alikuwa sahihi. Uwezo wa kuhimili maji unatokana na mpira mwembamba na gundi, na hupimwa saa ikiwa mpya, kwa maji matulivu. Sabuni, mvuke wa maji ya moto na umri hulegeza hiyo mihuri. Saa yangu ya zamani ya mishale, fundi hubadilisha betri nikiwa nimesimama nasubiri.

Nilipobadilisha simu ndipo nikaelewa vizuri ni nani mwenye saa. Kuiunganisha na simu mpya ilinilazimu kufuta kila kitu kwenye saa na kuanza upya, na sehemu ya kumbukumbu za nyuma haikurudi. Bila simu, bila akaunti, bila seva (kompyuta zinazotunza takwimu) ya kampuni, ilikuwa inaonyesha saa na kuhesabu hatua, mengine yamelala. Mimi nilipoteza takwimu tu. Wapo waliopoteza kifaa chote. Saa janja ya Pebble ilipata zaidi ya dola milioni 10 kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, mwaka 2012, watu wakaipenda kweli, na mwisho wa 2016 kampuni ikafungwa. Huduma zake rasmi zilizimwa katikati ya 2018, na zilizoendelea kuishi ziliokolewa na watumiaji wenyewe waliojenga seva zao na kuziita Rebble. Kilichotokea kwa AI Pin, kifaa cha kubandika kifuani cha kampuni ya Humane, kilikuwa cha kasi zaidi: ilianza kuuzwa 2024 kwa dola 699 pamoja na dola 24 kila mwezi, Februari 2025 kampuni ya kompyuta ya HP ikatangaza kununua mali za kampuni hiyo kwa dola milioni 116, na tarehe 28 ya mwezi huohuo kile kifaa kikaacha kufanya kazi zake za msingi. Mtu aliyekinunua hakuwa amekivunja wala kukiangusha.

Ndiyo maana sasa nikionyeshwa kifaa kipya naanza kuuliza mambo yasiyopendeza. Kinafanya nini mtandao ukikatika? Kinahitaji akaunti hata kwa kazi ndogo? Masasisho ya usalama yameahidiwa kwa miaka mingapi, na hiyo miaka inahesabiwa tangu lini, maana mara nyingi ni tangu toleo lilipoingia sokoni, si tangu siku uliyonunua. Chaja inauzwa peke yake? Muuzaji akianza kunieleza juu ya rangi za mikanda, jibu nimeshalipata.

Lakini kuna vilivyobaki, na sitavificha ili hoja yangu ipendeze. Kengele ya kuamsha kwa mtetemo naikosa hadi leo. Niliamka alfajiri bila kumwamsha mwenzangu, na kazi hiyo ilikuwepo kabla ya saa: nilikuwa naifanya kwa simu chini ya mto, vibaya. Kipima muda nacho, mikono ikiwa imelowa. Kuitafuta simu iliyojificha kwenye mito ya kochi. Haya hakuna tangazo linaloyapigia kelele, na ndiyo yaliyodumu baada ya duara la hatua kunichosha.

Na kwa mwingine hesabu inageuka kabisa. Shangazi yangu hasikii vizuri. Simu ikiita chumba kingine haijui. Saa ikimtetemesha mkononi anajua. Kuna watu wenye moyo unaopiga bila mpangilio wasiojua. Mwaka 2018 Apple ilipata kibali cha mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, kwa saa inayoweza kurekodi umeme wa moyo, na utafiti wake mkubwa uliochapishwa 2019, wenye washiriki zaidi ya 400,000, ulionyesha kwamba waliopewa tahadhari na saa kuwa mapigo yao hayana mpangilio walikuwa kama nusu ya asilimia moja tu. Kati ya waliotahadharishwa, wakavaa kipimo cha kubandika kifuani na kukirudisha, theluthi moja hivi walikutwa na tatizo hilo wakati huo. Usome kwa pande zote mbili: wapo waliosaidika, na tahadhari ya saa ni sababu ya kumwona daktari, si jibu la daktari. Kukaa kimya kwa saa nako si cheti cha afya.

Hapo kwenye afya nitie mkazo mmoja. Ukiona saa au pete inayodai kupima sukari ya damu yenyewe bila kuchoma ngozi, iache. FDA ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha hata moja ya namna hiyo, na mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo anaweza kufa. Zile saa halali zinazoonyesha sukari husoma kutoka kwenye kihisi kingine kilichochoma ngozi; yenyewe ni kioo tu cha kusomea.

Kama bado unaitaka, azima kwanza. Saa nyingi zimelala kwenye droo za ndugu, na hilo pekee linakueleza kitu. Andika kwenye karatasi, kabla hujaivaa, kazi gani unategemea ikupunguzie. Ivae hadi furaha ya mwanzo iishe, halafu iache nyumbani makusudi mwisho wa juma uone unakosa nini. Mimi nilipofanya hivyo nilijikuta napapasa mkono mtupu kwa mazoea, ila nilichokikosa kwa kweli ni kengele tu. Ukikuta unakosa vitatu vinne vilivyo kwenye ile karatasi yako, nunua kwa amani, na fikiria toleo lililotangulia lile jipya mradi masasisho yake hayajakaribia kuisha. Tofauti ya mwaka mmoja katika vifaa hivi mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Yangu nimempa shangazi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nieleze. Kufuta saa kutoka kwenye mipangilio yake hakutoshi. Nyingi zina kufuli lililofungwa na akaunti ya mwenye mali, na aliyepewa hawezi kuiwasha bila nenosiri la yule wa kwanza. Mimi mwenyewe niliipata ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya mdogo wangu, ikabidi aingie kwenye akaunti yake aiondoe. Safari hii niliitenganisha na simu yangu kwanza, nikaiondoa kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yangu, nikaomba takwimu zangu zifutwe kwenye seva, ndipo nikaifuta saa yenyewe, tena chaja ikiwa imechomekwa, maana betri ile ingezima katikati. Shangazi nimemwachia simu zinazoingia na kengele. Anaichaji mchana akiwa amekaa na simu mkononi, anaivaa jioni, na hajaniuliza hata mara moja duara la hatua ni la nini.